Mizani ya Viazi

Mimi ni wa ndigana na mitamba inayokwama kuzaa,
mkono ndani hadi begani, usiku, kwa tochi ya simu.
Leo Gwakisa, dereva mstaafu wa treni,
kaniletea Sajenti kwa toroli.

Mbwa. Kwa toroli.

Mizani yangu ni ya mbuzi. Tukaazima ya Bupe,
ile ya magunia ya viazi, bado ina udongo.
Mshale ukakimbia, ukagoma: arobaini na sita.
"Debe zima hapo ni mafuta," nikasema. "Anakula nini?"
"Ninachokula."
Makande. Chapati. Ngozi ya kuku.
Chai ya maziwa, sukari vijiko viwili.
Kisha, akiutazama mlango:
"Tangu Tumpe azikwe, sijui kupika ya mmoja."

Morogoro hawakunifundisha sindano ya hilo.

Nikatafuta kopo la nyanya, nikalichora mstari kwa msumari:
moja asubuhi, moja jioni, mstari usivukwe.
Na dawa ya pili, kwa herufi kubwa:
MIGUU. Kutoka Iyunga juu hadi relini, kila siku, wote wawili.
"Akinitazama yale macho?"
"Mkune nyuma ya sikio. Si njaa yote ni ya tumbo."

Wiki ya sita, ukungu umeifuta Loleza yote,
wakaja kwa miguu, wanahema kama kichwa cha treni mlimani.
Arobaini na mbili na nusu.
Gwakisa akavua kofia, akavua koti,
akapanda mizani yeye mwenyewe.
Hakuna aliyemwomba.