Ripoti ya Mwambata, Nakala kwa Baba

Umeniuliza tena, Baba, hapa Pongwe,
huku ukichambua choroko
kwa mkono wenye vidole vinne na nusu:
"Hivi kazi yako hasa ni nini?"
Wizara nayo iliniuliza hilohilo kwa barua.
Wao niliwajibu kurasa kumi na moja.
Wewe nakujibu kwa mdomo.

Kazi yangu ni kubeba sanduku.
Ndani yake singa za mkonge, kilo mbili, daraja la kwanza,
zimechanwa kama nywele za bibi harusi,
na iliki ya Amani.
Nilipomtafsiria mtu wa forodha jina hilo
alidhani namtania, akalifungua sanduku lote.

Hamburg. Maonyesho ya biashara.
Banda letu lilikuwa kati ya Wabrazili, wenye skrini ukuta mzima,
na choo.
Siku mbili nilitabasamu mpaka taya likauma.
Waliosimama mbele yangu walikuwa wakiulizia choo.

Siku ya tatu akaja Bi Wiebke Harms,
mama mfupi, miwani imening'inia shingoni.
Akavuta singa moja, akaizungusha kidoleni, akainusa,
kama ulivyokuwa ukifanya wewe mlangoni mwa korona.
Nikamwambia: miche ya kwanza ilipitia bandari yenu hii,
mingi ikafika kwetu imekufa, michache ikakaidi.
Akacheka: "Basi umetuletea wajukuu."
Tani arobaini, akasema, kila miezi mitatu.
Sikuuliza za nini.
Mwanadiplomasia haulizi mpaka wino ukauke.

Za paka, Baba.
Kule paka huishi ghorofani, mti hajaugusa,
basi huviringishiwa kamba kwenye nguzo ya mbao
apate pa kunolea kucha.

Umeacha kuchambua.
Najua unachokihesabu:
kengele ya saa kumi alfajiri,
namba yako ikiitwa, jina lako halijulikani,
na ile Jumanne mkanda ulipokunyakua
msimamizi akauliza kwanza kama mashine imeharibika.
Fomu ya ripoti ina safu ya Mafanikio,
ina safu ya Changamoto, mistari mitatu.
Nilikaa na kalamu, nikaandika "usafirishaji".

Usiku ule palikuwa na hafla ya utamaduni.
Wizara ilishaonya: ngoma ya Tanga iwepo,
ila isiwe baikoko.
Wakacheza vijana wanne wanaosoma huko,
wawili Wahaya, mmoja hajawahi kuvuka Chalinze.
Walichokicheza sikijui mpaka leo.
Wenyeji walipiga makofi kwa heshima, nami nikapiga.

Ila wakati tunakunja meza Bi Wiebke akauliza,
kamba hii kwenu mnaiitaje?
Katani, nikasema.
Akashika tumbo kwa kicheko:
kwao paka ni "katse".
Akawaita wenzake, akawafundisha neno,
"katani, katani", kila mtu kwa lafudhi yake,
nikahisi ubalozi umefunguliwa pale,
hauna bendera wala mlinzi.

Nimemaliza. Unatazama ungo.
Nangoja ukasirike.

"Hao paka," umesema hatimaye,
"wanalipa kwa wakati?"

Siku thelathini baada ya shehena, Baba.

"Afadhali ya paka,"
ukarudi kwenye choroko zako.