Inchi Mbili na Robo

Masereka alipopanda ndege
kwenda kulinda lango la watu Uarabuni,
aliniachia pikipiki
na urefu wake.

Pikipiki niliipokea. Urefu ulinishinda.
Nikikaa kitini, ncha za vidole tu
ndizo zilizogusa Bwera,
tena za mguu mmoja, wa kushoto,
kama kuku asimamavyo mvuani.

Mwezi wa kwanza niliiangusha mara tatu.
Ya tatu ilikuwa siku ya soko, pale Mpondwe,
nimembeba mama wa Kasindi na gunia la chumvi ya Katwe.
Chumvi ilimwagika hadi mtaroni.
Hakunitukana. Aliipangusa kanga, akasema,
kwa upole uliouma kuliko tusi:
"Dada, umevaa kiatu cha mtu."

Nikaisukuma hadi kwa Kambere,
fundi aliyevuka Lubiriha na sanduku la spana
na hakuvuka na kingine.
Naye hakucheka. Akaazima utepe wa fundi cherehani,
akapima toka kisigino changu mpaka vumbini:
inchi mbili na robo.
"Miguu hairefushwi," akasema. "Tushushe chombo."

Akaipandisha juu ya kreti la soda,
gurudumu la nyuma likining'inia.
Nati ya kushoto iligoma.
Akaipaka oili chafu, akaigonga, akamtaja mama yake,
ikalegea.
Shokapu za kaka yangu zikatoka moja moja,
ndefu, nyeusi,
zimeshika tope la milima ya Ihandiro
ambayo mimi sijaipanda.
Zile fupi zikaingia mahali pake
kama mgeni anayeketi bila kuambiwa karibu.

Nilidhani tumemaliza.
Kumbe ukishusha kimoja, vyote vinakuja kudai.
Stendi ikawa ndefu: pikipiki ilisimama wima kama askari,
ikafikiri kidogo,
ikaangukia upande wa pili.
Kambere akaikata kwa msumeno, akaichomelea upya.
Cheni ikakaza, tukailegeza.
Taa nayo, usiku ule, haikumulika barabara,
ilimulika popo kwenye mikaratusi.
Tukaiinamisha kwa bisibisi.
"Na abiria mmoja," akanionya, kidole juu.
"Ukipakia wawili, tairi litalamba madigadi."

Hapo ndipo hesabu iliponiuma.
Wenzangu stejini hupakia watatu na mbuzi.
Wakaiita Bata.
Bata huyo! Bata, umeshiba? Bata, inua mkia!
Nikawaacha. Mdomo haulipii petroli.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mpaka lami ikasahaulika.
Lori la kahawa lilinibana kwenye kona ya forodha,
dereva hakuniona, au aliniona.
Nikafunga breki.
Nikashusha miguu, yote miwili,
soli nzima, visigino na vyote,
tope likapanda hadi vifundoni
na sikuanguka.
Abiria wangu, mwalimu mzee wa hesabu,
akauliza tu kama nina chenji ya elfu tano.

Sijui nani alimpelekea Masereka picha.
Sauti yake ilifika saa nane usiku,
nyuma yake feni na wanaume wanakohoa:
"Ithungu, umeikata miguu pikipiki yangu?"

Nilirekodi jibu mara nne, nikafuta matatu.
Sijakata kitu, nikamwambia, stendi tu.
Zako zipo uvunguni kwangu,
nimezipaka grisi, nimezifunga kwa shuka la mama.
Ukirudi, ni kazi ya nusu saa.
Sikumwambia kwamba siku hiyo
nitatafuta yangu.

Jana, nikifagia, nilifungua shuka.
Nikasimamisha moja sakafuni, nikaikandamiza
kwa viganja, kwa kifua, kwa uzito wangu wote.
Haikusogea hata unywele.