Namba ya Sidsel

Ukumbini Holstebro waliweka pipa,
ndani vikaratasi, kila kimoja na namba.
Mwaka wangu tulichovya wavulana tu.
Mimi nilitoa elfu thelathini na moja,
namba ya juu, namba ya kurudi nyumbani;
nikapanda baiskeli, mluzi hadi zizini.

Leo amechovya Sidsel, binti yangu.
Mia moja na tisa.

Hakulia. Aliuliza tu kama buti za jeshi
zipo za saizi thelathini na sita.

Mama yangu, Gudrun, akaweka kikombe chini:
"Uchungu wa kuzaa haukutosha?
Sasa na bunduki?"
Nilitaka kumuunga mkono. Ulimi ukasita.
Niliwahi kusema, meza hii hii,
mwana ni mwana, na nikaigonga kwa ngumi.
Kusema arusi.

Jeppe wa jirani, azimiaye ng'ombe akizaa,
alitoa arubaini, na hakuna aliyeuliza
kama damu anaiweza.
Sidsel, Januari ile ya barafu,
alizamisha mkono hadi begani
akamvuta ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma.
Ndama yu hai, anakula sana.
Sijui hilo linathibitisha nini.
Kuvuta uhai si kuutoa.
Lakini Jeppe naye, nani alimfundisha kuutoa?

Usiku nikamkuta jikoni, mkasi mkononi,
nywele sakafuni kama majani makavu.
"Baba, nishikie kioo."
Nikashika. Kikatetemeka.
"Tulia," akaniambia,
kwa sauti ile anayowaambia ng'ombe.