Niue kwa Kitu cha Maana

Nyuma ya risiti za baba ndiko ninakoandika.
Mbele: galoni elfu moja, nyumba ya Bin Mattar, riali nane, hajalipa.
Nyuma: mwanamke alifungua mlango,
na ndani ya mlango akakuta mlango.

Baba anauza maji kwa lori hapa Ibra.
Mwisho wa mwezi akikaa na madeni yake
hukuta nusu ya wadaiwa wamepandwa na mashetani,
mmoja kaozwa kwa nguvu,
na Bin Mattar keshazama mara mbili
mwaka ambao wadi haikupata hata tone.
"Shinuna!" huita. "Huyu kalipa au kafa?"

Nina miaka kumi na sita. Nje digrii arubaini na saba.
Kiyoyozi kinakoroma, kinatemea ndoo,
nami nimejifungia chooni na kalamu,
maana chumbani tumo wanne
na Muhanna hunisomea begani
kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Skuli naandika Kiarabu. Mwalimu Badriya hunipa tisa juu ya kumi,
anasema insha zangu zimenyooka kama barabara ya Sur.
Zimenyooka, kweli.
Lakini yapo maneno yanayogoma kuvuka.
Kinyongo. Kudeka.
Ukoko, ule wa chini ya sufuria, tunaougombania.
Nimeyavisha kanzu, nimeyafunga kilemba,
yanakaa ukingoni mwa kiti kama wageni,
hata kikombe cha kahawa hayashiki.
Nikiyarudisha kwenye Kiswahili
yanavua viatu, yanauliza kuna nini jikoni.

Msomaji wangu ni mmoja: Bibi Zuwena.
Naye herufi za kizungu hazijui,
anajua za chuoni tu, alizofunzwa kwa kibao na fimbo.
Basi kila hadithi naiandika mara mbili.
Yangu inatoka kushoto, yake inatoka kulia.
Nikichoka naruka sentensi.
Anajua. Anaweka kidole pale pale
na kusema, "Hapa pamevuja."

Jumatano iliyopita karudi soko la wanawake
na mfuko wa ndimu kavu asizozihitaji.
Kavaa miwani, ile ya mguu mmoja na uzi,
kasoma ukurasa wa kwanza, wa pili,
wa tatu
kausoma tena.
"Huyu ni mimi."
"Si wewe, Bibi. Ni mtu tu."
"Mtu tu, anaficha halua kwenye kopo la dawa?"
Nimenyamaza. Kiyoyozi nacho, kwa unafiki wake, kikazima.
"Na umeniua."
Nikatazama sakafu.
"Umeniua ukurasa wa tatu, asubuhi, sijanywa chai.
Tena kwa sukari! Sukari, Shinuna,
ugonjwa wa mtaa mzima,
kila mwenye jino anao!
Niue kwa kitu cha maana,
au niache hai mpaka mwisho
tuone utanifanya nini."

Nilidhani nitalia. Nilicheka mpaka Muhanna akaja.
Yeye hakucheka. Alikuwa bado yumo ndani ya karatasi,
kidole kinatembea kulia kwenda kushoto,
kinatafuta.

"Na mlango wako huu wa uongo.
Umeutia kitasa. Haukuwa na kitasa,
ulikuwa na komeo la mbao, linalia ukilivuta,
ndiyo maana hakuna aliyeweza kutoka usiku.
Kitasa kilikuja baadaye. Na aliyekileta..."

Akakunja miwani.

Bibi, aliyekileta nani?

"Andika kwanza komeo," akasema,
akaenda kuzianika ndimu zilizokwisha kukauka.

Nimevuta risiti ya juu.
Galoni mia tano, riali nne, imelipwa.
Nimeigeuza.