Ngeli ya Injini

Chumba chetu ni cha juu, Darlington,
palipokuwa ofisi ya vifurushi.
Dirishani: reli mbili za kutu, duka la mazulia,
na Januari iliyogoma kupambazuka.
Navaa glovu za pamba, nakichomoa kioo
kwenye bahasha inayonuka uvundo,
nakiinua mbele ya taa.

Kiooni kila kitu kimepinduka:
anga jeusi, mvuke mweusi,
injini nyeupe pe kama mfupa ulionyeshewa,
na wanaume wa Durham, mikono kifuani,
weusi kama wajomba zangu wa Muheza.
Nawaamkia. Shikamooni.
Halafu skana inapita na mwanga wake
na kuwarudisha kwao.

Aliyewapiga alikuwa karani wa posta,
Septimus Ogle, mtu wa Jumapili
na kamera ya miguu mitatu.
Daftari lake halikukosa kitu:
*Nambari 2087. Magurudumu sita ya kuendeshea.
Bomba jipya. Makaa duni, moshi wa kupita kiasi.
Upepo wa mashariki.*
Na watu je? *Na wengine wawili.*
Mara nyingi hata hilo hakuandika.

Alhamisi huja Bi Enid Thackray,
miaka themanini na tisa, na kopo la biskuti za tangawizi.
Anazisema injini kama mtu anayesema wakwe zake:
huyu alikuwa na kiu, huyu alideka mlimani,
huyu hakupenda dereva mgeni.
Kwao injini ni mwanamke.
Namweleza kwamba kwetu hapana,
injini ni *i-*, hata ivute mabehewa arobaini;
mtu ndiye *a-*, hata akilala, hata akifa.
Mwalimu wa sarufi alituchapa kwa kosa hilo.
Anatafuna, anafikiri.
"Basi Bwana Ogle," anasema, "mngemchapa sana."

Kioo cha mia tatu na kumi na moja.
Enzi zile lenzi ilifumbua jicho polepole;
chuma kilijua kusubiri, watu hawakujua.
Injini imetoka kali, unaweza kuhesabu ribiti.
Mvulana aliyeshika tambara kando ya gurudumu
aligeuza kichwa (labda aliitwa, labda nzi)
na pale pa uso pamebaki ukungu.
Chuma kimekaa. Aliyefuka ni yeye.

Bi Enid ameweka biskuti chini.
Hatazami ukungu. Anatazama mkono,
ule ulioegemea gurudumu ukatulia:
kidole cha shahada kimepinda kwa ndani
kama kulabu ya mlango.
"Kilitutuma ghorofani kulala," anasema,
"nasi tukijifanya hatujui kinaelekea wapi."
Kisha treni ya dizeli ikapita, vioo vikalia sandukuni.
"Au siye. Karakana ile ilipinda vidole vingi."

Nambari 2087 iliuzwa kwa uzito, chuma chakavu.
Huenda leo ni bawaba, ni sufuria, ni wembe wa mtu.
Kompyuta ina kisanduku cha magurudumu,
cha mtengenezaji, cha bomba, cha rangi.
Cha mtu hakuna.
Basi nikaandika chini kabisa, kwenye Mengineyo:
*Mvulana. Kidole kimepinda. Yawezekana ni Cuthbert Lowes.
Alisimama hapa.*
Nikaitazama ile *a* ya mwanzo,
punje ya makaa kwenye karatasi.

Bi Enid amefunga kopo, amevaa koti,
ameuliza kama Alhamisi ijayo nitakuwepo.
Nimechomoa cha mia tatu na kumi na mbili.
Injini ileile, asubuhi ileile.
Nyuma, ukutani, kuna ngazi,
na mtu ameishika:
kisogo tu, na kofia.