Mlango wa Kushoto

Kisanduku kimefika kutoka Brno, kimefungwa kwa gazeti
nisiloweza kulisoma. Ndani, mfuko wa rezini:
madigadi mapana, boneti, dashibodi,
matairi matano yenye vifua vya mabondia.
Aliyeyamimina anaijua kazi. Chini ameyalaza,
yamefutuka mbavuni, kama yanavyokuwa juu ya barafuto
tukishayapunguza upepo ili gari lisizame, lielee.

Nimeviosha vyote kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu,
maana kalibu humwachia mwanawe mafuta mwilini
na rangi haikai juu ya mafuta.
Kisha msumeno. Kisha msasa ndani ya bakuli la maji,
barakoa puani, kwa kuwa vumbi hili
likishaingia pafuni halitafuti mlango wa kutokea.

Gari lenyewe, la dukani, ni la Kijapani,
plastiki nyeupe, usukani kulia.
Hapa Ísafjörður usukani hukaa kushoto.
Basi nikaing'oa dashibodi ya watu, nikapachika ya Brno,
nikahamisha pedali tatu, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama.
Moja ikaruka.
Nusu saa nilitambaa na tochi chini ya meza,
mwanamke wa miaka hamsini na minane, makalio juu,
nikitafuta breki.

Sikuipata. Nimechonga nyingine kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

Digadi la nyuma lilikuja limepinda.
Nikalitia katika maji ya moto, likalegea kama tambi,
nikalinyoosha, nikalishika vile vile kwa vidole
mpaka likasahau.
Vitundu vya mapovu nikaviziba kwa gundi, kimoja kimoja.
Jua halijavuka mlima tangu Novemba;
taa ya mezani ndiyo mchana wangu.

Milango, lakini, ilikuja laini. Haina dosari.
Hapo ndipo niliposimama siku nne.

Gari letu la kikosi cha uokoaji,
lile tulilomuuzia mfugaji wa kondoo wa bonde la pili,
lilikuwa na bonyeo mlango wa kushoto,
upana wake upana wa beleshi.
Beleshi la Eyvindur.
Usiku ule theluji haikuwa ikishuka, ilikuwa ikipita,
na mimi ndiye niliyeshika usukani, na redio,
na mimi ndiye niliyesema: tunarudi.
Yeye alikuwa nje, anachimba njia.
Akaupiga mlango wangu mara moja.
Akaingia, akafunga mkanda. Tukarudi.
Saa tatu za kurudi, na vifuta kioo tu vikisema.

Mtu yule alipatikana Alhamisi.

Fundi wa Brno hakulitia hilo kwenye kalibu. Angejuaje?
Nikapasha mgongo wa kijiko juu ya mshumaa,
nikahesabu hadi kumi, nikakandamiza.
Rezini ikaitika bila kelele.

Baada ya hapo kazi ilikimbia: rangi nyekundu,
mstari wa njano ubavuni, antena ya waya wa gitaa,
chumvi kidogo chini ya bampa,
kwa kuwa barabara zetu hula vyuma.

Jumapili Eyvindur alikuja kuazima ngazi.
Siku hizi ana kifaa sikioni, na huzungumza
kana kwamba sisi ndio tusiosikia.
Akaliona rafuni. Akalishusha kwa mikono miwili,
akaligeuzia taa, akaweka ukucha wa gumba kwenye bonyeo
na kunyamaza mpaka birika likachemka, likajizima.

"Lilikuwa chini zaidi," akasema. "Karibu na bawaba."

Nilifumba macho nikautazama mlango ule kwa nje,
upande ambao usiku ule sikuuona.
Kweli. Chini zaidi.

Akavua koti, akalitundika juu ya ngazi,
akauliza kijiko kiko wapi.