Mpanda, si Panda

Niliitwa Mihayo. Kwa Kinyamwezi ni maneno,
maneno mengi, hoja, mashauri ya ukoo mzima.
Shuleni Isevya wakalitafsiri upya:
Miayo, wakasema. Kila niliposimama kujibu
dawati la nyuma lilipiga miayo kwa zamu.

Sikuwa na kigugumizi. Kigugumizi kina adabu yake,
kinabisha hodi mara tatu, mwenyeji ajue kuna mgeni.
Mimi nilikuwa mzito tu. Sentensi yangu
ilishuka kama asali ya Sikonge mwezi wa saba:
unakinga kijiko, unangoja, chai inapoa.

Kisha Kalunde, sauti ya stesheni,
akaenda kujifungua. Mkuu wa zamu
akaangaza macho ofisini, akaona mimi na feni.
Feni ilikuwa mbovu.

"Haraka, na isikike," akanikabidhi kipaza sauti
kinachonukia pipi za tangawizi za Kalunde.
"Abiria ana mizigo. Treni haina masikio."

Nikajifunza kwa mabehewa ya mizigo.
Yalipopita nilisoma namba ya kila moja
kabla linalofuata halijafika nguzo ya taa.
Mwanzoni nilipata moja kati ya sita.
Mvua zilipokatika nilikuwa nayapata yote,
hata lile la saruji, tarakimu zimefutika,
nikalibunia yake.

Nyumbani, Ng'ambo, uso una povu la sabuni na wembe mkononi:
Usoke Urambo Kaliua Usinge Nguruka
Malagarasi Uvinza Kazuramimba Luiche Kigoma,
pumzi moja. Mke wangu alihesabu kwa vidole.
"Umesema Ulambo. Ni Urambo."
Nikamwambia bibi yangu kazaliwa huko
na aliita Ulambo mpaka anazikwa.
"Bibi yako," alisema, "hakutangaza treni."

Basi nikawa mwepesi. Loo, nikawa mwepesi!
Wauza karanga wakaniiga, wakashindwa.
Hadi Jumatatu moja, saa tatu usiku, treni mbili zimesimama,
nikafyatua:
treniya'pandanjiayakwanza, treniya'panda!
Na watu ni watu. Wakisikia panda, wanapanda.

Bi Bukuru wa Kazuramimba alipanda,
yeye, debe la karanga na kuku watatu.
Kaliua ilimpita usingizini.
Aliamkia Mpanda,
mji ambao hana ndugu wala deni.

Siku ya nne akasukuma mlango wa ofisi.
Kuku wawili. Wa tatu alikuwa nauli.
Nilikaa tayari kutukanwa.
"Sema Mpanda," alisema.
"Panda."
"Sema M."
"Em."
"Hiyo ya shuleni. Nataka ya mjini kwao."
Nikajaribu. Nikajaribu tena, kwa kasi zaidi,
maana kasi ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo.
"Unairuka," alisema. "Hiyo haisemwi
mdomo ukiwa wazi. Funga kwanza."

Nikafunga.
Nikasikia kucha za kuku kwenye saruji,
nikasikia chuma cha reli kikipoa nje,
na midomo yangu miwili, miaka thelathini na moja
inaishi nyumba moja, ikagusana.
"Haya," alisema Bi Bukuru. "Sasa achia."

Nilimkatia tiketi kwa pesa yangu.
Kuhusu kuku hakusema kitu, nami sikuuliza.
Njiani kurudi Ng'ambo nikalijaribu na jina langu:
nalo pia huanza mlango umefungwa.

Kalunde amerudi, ana mtoto wa kiume mwenye mapafu.
Mimi nimebakizwa zamu ya usiku.
Bado ni mwepesi, Usoke mpaka Kigoma pumzi moja.
Ila nikifika Mpanda nanyamaza kidogo,
kipimo cha hatua moja.
Abiria wageni hudhani umeme umekatika.
Wanainua vichwa kutoka kwenye mizigo yao, wanatazama spika.
Hapo ndipo ninapoachia.